Jua Ukoo wa Zao Lako Kabla Hujaingia Duka la Pembejeo

Leo tuache kidogo bei ya mahindi na mbolea ya ruzuku. Nataka tuongelee kitu ambacho wengi wenu mlikiacha kwenye daftari la Biolojia la sekondari: jinsi wanasayansi wanavyopanga viumbe hai kwenye makundi. Himaya, faila, ngeli, oda, familia, jenasi, spishi. Mlikariri kama wimbo, mkajibu mtihani, mkasahau.

Msimamo wangu ni huu, na nausema wazi: kijana anayelima kwa biashara bila kujua zao lake ni la ukoo gani, na adui aliyeingia shambani ni wa kundi gani, anacheza bahati nasibu. Sehemu kubwa ya hela anayoacha duka la pembejeo inanunua dawa ambayo haikuwa na uwezo wa kumsaidia tangu mwanzo. Dawa yenyewe inaweza kuwa halali kabisa, ila imepelekwa kwa adui asiyehusika.

MPANGILIO HUU UNAHUSU UNDUGU

Mwaka 1753 Carl Linnaeus, mtaalamu wa mimea wa Sweden, alitoa kitabu cha mimea, Species Plantarum, ambamo kila mmea aliupa jina la maneno mawili. Neno la kwanza ni jenasi, la pili linataja spishi yenyewe. Mahindi ni Zea mays hapa Lizaboni, ni Zea mays Brazil, ni Zea mays China. Faida yake ni kwamba mtafiti wa TARI Uyole na mtafiti wa Mexico wakiandikiana kuhusu mmea mmoja, hakuna anayemwelewa mwenzake vibaya.

Sisi nasi tuna mpangilio wetu, tena wa siku nyingi. Kiswahili chenyewe kina ngeli: mti na miti, mgomba na migomba, mhindi na mihindi. Shambani na jikoni tunapanga kwa matumizi: hiki ni kiazi, hii ni mboga, hii ni nafaka, hili ni gugu. Ni mpangilio mzuri kwa sokoni na kwa chungu. Tatizo linakuja pale unapoutumia kupanga shamba.

Chukua neno "kiazi". Kiazi mviringo ni ndugu wa nyanya. Kiazi kitamu hakimo kabisa kwenye ukoo huo. Kiazi kikuu nacho kina ukoo wake wa tatu. Majina yanafanana kwa sababu vyote tunavichimba na kuvichemsha. Nyanya na kiazi mviringo, kwa upande mwingine, kwenye sahani havifanani hata kidogo, lakini angalia maua yake vizuri utaona ni watoto wa nyumba moja. Ugonjwa wa mimea haujui wewe unapika nini. Unachofuata mara nyingi ni undugu.

KUBADILISHA ZAO SI KUBADILISHA UKOO

Hili ndilo linalokata mitaji ya vijana wengi wanaolima mbogamboga kwenye mabonde yetu. Unakutana na kijana anakwambia kwa kujiamini, "Bwana shamba, mimi nafanya mzunguko wa mazao." Ukimuuliza, msimu wa kwanza aliweka nyanya, wa pili hoho, wa tatu bilinganya. Sasa anashangaa mimea inanyauka mchana kweupe wakati udongo una maji.

Mdogo wangu, huo si mzunguko. Hao ni ndugu watatu umewalaza kitanda kimoja kwa zamu, na kunguni yule yule.

Nyanya, nyanya chungu, bilinganya, hoho, pilipili kali, viazi mviringo na tumbaku vyote ni ukoo mmoja, Solanaceae. Vina adui wengi wa pamoja, na mmoja wa hatari zaidi ni mnyauko wa bakteria unaoitwa Ralstonia solanacearum. Angalia neno hilo la pili: limetokana na jina la ukoo huu huu. Bakteria huyu anakaa kwenye udongo, anaingia kwa mizizi, anaziba mirija ya kupandisha maji. Mmea unanyauka ungali wa kijani.

Ukitaka kumhakiki huhitaji maabara. Kata kipande cha shina karibu na udongo, kining'inize kwenye glasi ya maji safi bila kukitikisa, subiri dakika chache. Ukiona uzi mweupe kama maziwa unashuka kutoka kwenye kidonda cha shina, mnyauko wa bakteria ndiyo huo. Hakuna dawa ya kupiga itakayouponya mmea huo. Ng'oa, toa shambani, usiuache kwenye mfereji wa maji, na panga kukaa mbali na ukoo wa nyanya kwa misimu kadhaa. Mahindi ni chaguo zuri la kupumzisha eneo hilo.

Lakini hapo napo kuna mtego. Unapanda mahindi huku umeacha mnavu na ndulele vinaota pembeni na katikati ya mistari. Mnavu ni mboga tamu, ndulele ni gugu la miiba, na vyote viwili ni ukoo wa nyanya. Mgonjwa ameondoka, ndugu zake wamebaki wanamtunzia mdudu na bakteria mpaka arudi. Palilia ukijua unang'oa nani.

KOO UNAZOKUTANA NAZO HUKU KWETU

Huhitaji kujua koo zote za dunia. Kwa mkulima wa Songea, Namtumbo au Mbinga hizi saba zinatosha kuanzia:

1. Ukoo wa nyanya: nimeshautaja.

2. Ukoo wa nyasi: mahindi, mpunga, ngano, mtama, ulezi, muwa, na nyasi za malisho.

3. Ukoo wa mikunde: maharage, soya, mbaazi, karanga, kunde, choroko, njugu mawe.

4. Ukoo wa kabichi: kabichi, sukuma wiki, chainizi, brokoli, koliflawa.

5. Ukoo wa maboga: maboga, matango, matikiti maji.

6. Ukoo wa vitunguu: vitunguu maji, vitunguu saumu, liki.

7. Ukoo wa alizeti: alizeti na saladi. Gugu la kishona nguo nalo ni la humu.

Orodha hii inakusaidia hata kwenye shamba kubwa la mahindi. Chukua kiduha, lile gugu lenye maua mazuri linalonyonya mizizi. Aina zinazotusumbua kwenye nafaka hushika ukoo wa nyasi. Mkulima akitoka mahindi akaenda mtama au ulezi, hajamtoroka kiduha, amembadilishia sahani tu. Akienda soya, habari ni nyingine: mizizi ya soya inaweza kuichochea mbegu ya kiduha iote, halafu ikose pa kushika, ife. Ndiyo maana soya na mahindi kupishana ni jambo la akili, mbali na bei ya soya yenyewe.

Nisiwadanganye kwamba ukoo ni ukuta. Kuna adui wanaoruka. Mnyauko wa bakteria niliousema unaweza kushika hata karanga na tangawizi, ambazo si ndugu wa nyanya. Minyoo fundo wa kwenye mizizi wanakula nyanya, karoti, matango na maharage bila kubagua. Kwa hiyo ukoo ni swali la kwanza la kuuliza. Baada yake yapo mengine. Lakini ukiruka la kwanza, hayo mengine yatakuchanganya tu.

"DAWA YA UKUNGU" SI JIBU LA KILA DOA

Hapa ndipo hela nyingi inapopotea. Mkulima anaona doa kwenye jani, anaenda dukani anasema "nipe dawa ya ukungu". Anaona kitu kinatembea, anasema "nipe dawa ya wadudu". Muuzaji anampa. Kila mtu ameridhika isipokuwa zao.

Linnaeus alikuwa na himaya mbili tu za viumbe, mimea na wanyama, na uyoga aliuweka upande wa mimea. Mwaka 1969 Mmarekani Robert Whittaker akapendekeza himaya tano, kuvu zikapewa ya kwake, na huo ndio mpangilio wengi wenu mliofundishwa shuleni. Leo tunajua kwamba uyoga, ule tunaouokota kwenye miombo mvua zikianza, kwa undugu uko karibu zaidi na sisi wanyama kuliko ulivyo karibu na mchicha. Inachekesha, lakini ina maana kubwa kwako: kila himaya ina udhaifu wake, na dawa hutengenezwa kulenga udhaifu huo.

Bakteria si kuvu. Dawa nyingi za ukungu hazimgusi bakteria. Ukipiga dawa ya ukungu kwenye mnyauko wa bakteria, unaosha majani.

Virusi hawamo kwenye himaya yoyote kati ya hizo. Wana mpangilio wao peke yao. Hakuna dawa ya kupiga inayoponya mmea wenye virusi. Ugonjwa hatari wa mahindi uliogunduliwa Kenya mwaka 2011 na kufika Tanzania mwaka uliofuata unatokana na virusi wawili kukutana kwenye mmea mmoja. Kinga yake ni mbegu safi, kudhibiti wadudu wanaosambaza, na kupumzisha shamba na ukoo wa nyasi kwa kupanda mikunde au viazi. Ukoo tena, umeona?

Halafu kuna kundi ambalo watu wachache sana wanalijua, na ndilo linalowala wakulima wa nyanya na viazi wakati wa mvua na ukungu wa asubuhi. Bakajani chelewa, Phytophthora infestans, kwa macho inaonekana kuvu. Kwa miaka mingi hata wataalamu waliiita kuvu. Kwa undugu siyo. Ni jamaa wa mwani, ule wa majini, ndiyo maana inapenda maji maji na unyevu. Bakajani tangulia, yenye madoa ya mizunguko kama shabaha, hiyo ni kuvu kweli.

Majina yanafuatana, majani yote yanaungua, lakini dawa haziko sawa. Metalaksili inalenga kundi la bakajani chelewa na haiwezi kitu kwa bakajani tangulia. Kabendazimu inafanya kazi kwa baadhi ya kuvu za kweli, ila kwa bakajani chelewa ni kazi bure. Mankozebu inakinga zote mbili, mradi uipige kabla ugonjwa haujaingia. Sasa fikiria mwenye eka moja ya nyanya anayepiga kabendazimu wiki tatu mfululizo huku bakajani chelewa inashuka. Amelipia dawa, amelipia kibarua wa pampu, amelipia maji, na matenga anayohesabu mwishoni ni ya huzuni. Halafu anasema dawa za siku hizi ni feki. Feki zipo, ndiyo, lakini si kila kushindwa ni feki.

Hivyo hivyo kwa matikiti na matango: ubwiri unga ni kuvu ya kweli, ubwiri vinyoya ni wa kundi la bakajani chelewa. Salfa itakusaidia kwa wa kwanza, si kwa wa pili. Geuza jani. Ubwiri unga unakaa kama unga juu ya jani. Ubwiri vinyoya unaacha madoa ya njano juu na vinyoya vya kijivu chini yake.

Na upande wa "wadudu": utitiri mwekundu wa nyanya si mdudu. Mdudu kamili ana miguu sita. Utitiri mkubwa una minane, ni jamaa wa buibui. Dawa nyingi za wadudu haziuui, ila zinaua vizuri sana wale wadudu wadogo marafiki waliokuwa wanaula. Unapiga leo, wiki mbili mbele utando umejaa shamba zima. Ukiona majani yana vidoti vya njano na utando mwembamba chini, dukani uliza dawa iliyosajiliwa kwa utitiri, usiseme "wadudu" tu.

JINA MOJA, VIWAVI WAWILI

Wakulima wa mahindi msijione mko salama. Viwavijeshi tuliowazoea, Spodoptera exempta, na viwavijeshi vamizi walioingia nchini mwaka 2017, Spodoptera frugiperda, ni jenasi moja. Ni kama kaka na dada, na tabia zao ni mbili tofauti.

Viwavijeshi wa zamani hutembea kwa makundi, hufyeka nyasi na nafaka, na huwa hawana habari na maharage yako. Vamizi hujificha ndani ya moyo wa mhindi, hula usiku, na ingawa hupenda mahindi zaidi, ameonekana kwenye mazao ya koo nyingi. Utamjua kwa alama ya Y iliyopinduliwa kichwani na madoa manne yaliyojipanga kama pembe za mraba karibu na mkia.

Tofauti hiyo ya spishi inagusa kazi kabisa. Mtego wa harufu ya jike, unaotumika nchini kwa miaka mingi kutabiri viwavijeshi, unaita madume wa spishi yake tu. Ukiweka wa exempta ukakuta mtupu, usilale usingizi ukidhani vamizi hayupo. Na kupiga dawa: kwa vamizi, dawa isiyofika kwenye moyo wa mhindi, kiwavi akiwa bado mdogo, haijafika popote.

Upande wa viumbe rafiki ni hivyo hivyo. Bakteria wa vinundu kwenye mizizi ya soya si wale wa maharage. Ukinunua bakteria wa kupaka mbegu za soya ukawapaka kwenye maharage, umetupa hela. Soma kifurushi kimeandikwa zao gani.

"LAKINI MAJINA YENYEWE YANABADILIKA KILA SIKU"

Hoja hii naisikia, na ina ukweli. Nyanya Linnaeus aliiweka kwenye jenasi ya Solanum, wengine wakaitoa wakaipa jenasi yake, Lycopersicon, na miaka ya karibuni vipimo vya vinasaba vikairudisha Solanum. Kantangaze, yule nondo aliyefika kwetu mwaka 2014 akamaliza nyanya za watu, tulimjua kama Tuta absoluta. Tangu 2021 wataalamu wanamwita Phthorimaea absoluta.

Ni usumbufu, sikatai. Ila tazama kila badiliko linakwambia nini. Nyanya kurudi Solanum kunathibitisha kwamba iko karibu mno na viazi na bilinganya. Kantangaze kuhamishiwa Phthorimaea kunamweka jenasi moja na nondo wa viazi, yule anayetoboa viazi mpaka ghalani. Kwa hiyo ukilima nyanya jirani na viazi, tayari umepewa onyo. Majina hubadilika kwa sababu watu wanazidi kuujua undugu, na undugu ndio unaoutafuta.

Wengine wananiambia, "Bwana shamba, sisi tunatafuta soko, hatutafuti Kilatini." Sawa. Sikwambii ukariri Kilatini. Nakwambia ujue koo saba na makundi matano ya adui: wadudu, utitiri, kuvu, jamaa wa bakajani chelewa, bakteria na virusi... kumbe hata ukihesabu sita, ni machache kuliko wachezaji wa timu unayoshabikia, na majina yao yote unayo kichwani pamoja na wa akiba.

CHA KUFANYA KUANZIA WIKI HII

Kwanza, kwenye daftari la shamba ongeza safu moja: ukoo. Kila kipande cha ardhi andika ukoo uliopanda msimu hadi msimu. Ukiona ukoo umejirudia mara mbili mfululizo, simama ufikiri.

Pili, usiende dukani na neno "dawa". Nenda na sampuli: jani, shina na mzizi, kwenye mfuko wa karatasi. Nailoni inaozesha. Pitia kwa afisa ugani wa kata yako kwanza, ndiyo kazi yetu na hulipii.

Tatu, dukani soma kibandiko mwenyewe. Tafuta vitu vitatu: kiambato amilifu, yaani kile kinachofanya kazi ndani ya chupa, adui aliyetajwa, na zao lililotajwa. Kama adui wako hayumo, rudisha chupa kwenye rafu. Hakikisha pia imesajiliwa na TPHPA.

Na wenye maduka, nina ombi kwenu. Pangeni rafu kwa kundi la adui, wadudu peke yake, utitiri peke yake, kuvu peke yake. Mteja akiona rafu ya virusi haipo kabisa, ataelewa somo hata bila semina. Nanyi mnaoleta mafunzo vijijini, punguzeni kutufundishia majina ya chupa. Jina la chupa linabadilika kila kampuni inapobadilisha lebo. Ukoo wa nyanya utakuwa ule ule mwakani, hata wakiubadilishia jina.

Kwa hiyo usiku wa leo, kabla hujapanga bajeti ya msimu, chukua kalamu uandike mazao yako yote na ukoo wa kila moja. Ukikwama kwenye zao lolote, nitumie picha ya ua lake, si ya tunda. Ua ndilo linalosema ukweli kuhusu ndugu.

Tukutane shambani.